Kuku Walionyonyoka wa Kibirizi

Ukifika Kigoma mjini na kushika njia ya kaskazini kando ya ziwa, hutembei sana kabla hujafika Kibirizi. Pua itakuambia umefika kabla ya macho. Ni harufu ya dagaa. Wameanikwa juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu na juu ya vichanja, na watoto wanakaa na fimbo kufukuza kunguru. Boti za mbao zinapakia watu na mizigo kwenda Kagunga, Burundi na Kongo. Anga ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, kama ukuta wa buluu.

Hapo Kibirizi ndipo wengi hupandia boti kwenda Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Sokwe wale hukaa kwa muda mrefu wakichambuana manyoya, mmoja akimtoa mwenzake wadudu na uchafu pale ambapo mwenyewe hafikii. Nilipotoka Kibirizi nilikuwa nimejifunza kwamba kuku naye anahitaji mtu wa kumfanyia hivyo.

Mimi ni muuguzi. Nilitoka Kasulu kwa basi, nikiwa nimealikwa na akina mama wa usharika mmoja wa pale kuwafundisha huduma ya kwanza kwa siku nane. Nilikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja kijana, mke wa mvuvi na mama wa watoto wanne. Sitamtaja jina, nitamwita mwenyeji wangu. Alinipokea kwa "Mwakeye!" ya Kiha, akaninyang'anya begi, akanipa maji ya kunawa, kisha akanipa kitanda cha watoto wake. Watoto walihamia mkekani. Nilikataa, lakini wewe nawe unajua mgeni hashindi katika jambo hilo.

KUKU WA MAMA

Asubuhi ya kwanza niliwaona kuku wake. Walikuwa kumi na wanne pamoja na jogoo, bila kuhesabu vifaranga, na kusema kweli walitia huruma. Mmoja alikuwa na mgongo mtupu mwekundu. Mwingine shingo imepukutika. Mtetea aliyetoka kuangua alikuwa amepauka upanga kama mtu mwenye upungufu wa damu. Vifaranga walisimama wamejikunyata, macho wamefumba.

"Mama, wamekuwa hivi tangu mwezi uliopita," mwenyeji wangu aliniambia. "Mayai yamekoma. Jirani anasema ni jicho la mtu. Baba watoto anasema niwauze wote kabla hawajafa."

Nikamwuliza kama anataka kuwauza. Akainama, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye ndipo aliponieleza.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na dagaa hufuata mwanga. Wakati wa mbalamwezi taa haina nguvu, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala mchangani na fedha nazo hulala. Siku hizo nyumba ile ilikula kwa mayai na kuku. Tena mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, ni kuku wale walionunua daftari na sare za shule. "Mtumbwi ni wa mume wangu na ndugu zake," alisema. "Kuku ni wangu."

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunaelewa neno hilo. Fedha ya kuku ndiyo fedha ambayo mama haombi.

KOSA LANGU

Mtoto wake wa tatu, mwenye miaka mitano, alikuwa na vipele mikononi, kiunoni na shingoni. Alijikuna mpaka damu. Mama yake alikuwa amekwisha mpaka BBE mara mbili, ile dawa nyeupe ya upele, bila nafuu. Nilimtazama mtoto haraka haraka kwa kuwa nilikuwa nachelewa kwenda kufundisha. Nikasema, "Ni upele huo. Mrudie tena dawa, umpake mwili mzima." Jioni nilimsikia akilia kwa jinsi dawa ile ilivyomchoma kwenye michubuko.

Usiku ule nikajifunza. Nililala kitanda cha watoto, na mnamo saa nane za usiku niliamka najikuna shingo na kiuno. Nikadhani mbu, lakini neti ilikuwa imeshushwa vizuri. Nikawasha tochi. Ukutani, kwenye ufa karibu na kichwa changu, kulikuwa na vitu kama chembe za vumbi vinavyotembea. Nikachukua leso nyeupe, nikaifuta juu ya ufa ule. Ilibaki na michirizi myekundu ya damu.

Nikainama chini ya kitanda. Kulikuwa na kikapu cha nyasi, kile alichoangulia yule mtetea aliyepauka. Na upande wa pili wa ukuta ule wa udongo ndipo kuku wengine walipolala, katika jiko la nje.

Ulikuwa utitiri wa kuku. Wadudu hawa hawakai juu ya kuku mchana. Hujificha katika nyufa, katika miti ya kichanja na katika nyasi za kiota. Usiku hutoka kunyonya damu, kisha hurudi mafichoni. Akiwa na njaa mdudu huyu ni wa kijivu, akishiba ni mwekundu. Wakati wa joto huzaliana upesi sana, katika muda wa kama juma moja, na anaweza kuishi miezi bila kula. Akimkosa kuku, humwuma mtu aliye karibu. Kwa hiyo unaweza kumkagua kuku saa sita mchana usione kitu, na huku anakwisha damu kila usiku.

Asubuhi nilimwita mtoto, safari hii nikamkagua kama nilivyofundishwa chuoni. Kati ya vidole palikuwa safi. Vifundo vya mikono vilikuwa safi. Upele wa kweli hupenda sana sehemu hizo, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna. Nilimwomba mwenyeji wangu radhi. Nikamwomba na mtoto. Muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimemchoma mtoto kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, kwa sababu sikuuliza kuku wanalala wapi.

CHUPA YA SODA

Nilipotoka uani nilimkuta baba watoto ana chupa ya soda mkononi, nusu imejaa maji ya rangi ya maziwa. Rafiki yake mwenye shamba la nyanya alimpa. "Hii inaua kila mdudu," alisema kwa furaha. "Tuwaogeshe kuku wote leo, na kitanda tukipulizie."

Nilimwomba aiweke juu, mbali na watoto, kisha tukae. Nikamsimulia jambo ambalo sipendi kulisimulia. Miaka mingi iliyopita, katika zahanati moja niliyofanya kazi, aliletwa mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa dawa ya shamba kutoka chupa ya soda. Alikuwa akitokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kimejaa maji. Tulimkimbiza hospitali. Alikufa njiani, mikononi mwa mama yake.

Baba watoto alinyamaza. Kisha akauliza kama aimwage ziwani. Nikamwambia hapana. Baadhi ya dawa za kuua wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo sana, na maji yale ndiyo tunayochota, ndimo wanamooga watoto, na ndimo dagaa wanamotoka. Aliifunga vizuri, akaandika SUMU juu yake, akaipeleka mwenyewe kwa afisa kilimo.

Dawa ya shamba si dawa ya kuku. Huweza kumwua kuku, huweza kuingia katika yai na nyama, na humdhuru anayeipaka. Usiitumie hata kama jirani amekuapia kwamba yeye alifanikiwa.

TULIVYOWAKAGUA

Jioni ile tuliwashika kuku mmoja mmoja. Mwenyeji wangu alishika, mimi nikafunua manyoya: kichwa, chini ya mbawa, mgongo, karibu na sehemu ya kutolea haja, na miguu. Tuligundua kwamba hawakuwa na tatizo moja.

Yule mwenye mgongo mtupu hakuwa na mdudu hata mmoja. Alikuwa kipenzi cha jogoo. Jogoo akimpanda tetea yule yule kila mara, kucha zake hung'oa manyoya ya mgongoni. Dawa yake ni kumtenga kwa majuma machache, au kumpunguza jogoo ikiwa mitetea ni michache.

Yule wa shingo iliyopukutika alikuwa anabadilisha manyoya tu, kama afanyavyo kila kuku mzima karibu mara moja kwa mwaka. Huanza kichwani na shingoni, na ukitazama vizuri unaona manyoya mapya yakichomoza kama sindano. Wakati huo kuku huacha kutaga. Tusimchanganye pia na kuku wa kishingo, ambaye amezaliwa na shingo tupu na ni mzima kabisa. Naye kuku anayeatamia hujing'oa manyoya ya kifuani ili mayai yapate joto la mwili wake.

Wanne walikuwa na chawa. Hao ni wa rangi ya majani makavu, hukimbia unapofunua manyoya, na mayai yao hugandamana kwenye mashina ya manyoya karibu na sehemu ya haja. Chawa huishi maisha yake yote juu ya kuku.

Vifaranga walikuwa na viroboto weusi waliong'ang'ania kuzunguka macho na upanga. Kuku hawezi kujidonoa usoni, na viroboto hao hukaa pale pale asipofika. Wakiwa wengi humpofusha na kumwua kifaranga.

Wawili wazee walikuwa na miguu minene yenye magamba yaliyonyanyuka. Huo ni utitiri wa aina nyingine, unaochimba chini ya magamba ya miguu.

Mwenyeji wangu alipomaliza kumshika wa mwisho alisema, "Kumbe si jicho la mtu." Sikumjibu. Wadudu walikuwa mbele yake.

KAZI YA SIKU TATU

Kwanza tulianza na nyumba, maana kumtibu kuku na kumrudisha katika ufa ule ule ni kazi bure. Nyasi zote za viota tulizichoma. Kikapu kilitoka chini ya kitanda na kikachomwa nacho. Miti ya kichanja tuliimwagia maji yanayochemka. Ilipokauka tukaipaka mafuta ya mawese mpaka ndani ya nyufa, kwa kuwa mafuta humziba mdudu pumzi. Nyufa za ukuta, za jikoni na za chumbani, tulizikandika kwa udongo uliochanganywa na majivu. Shuka na nguo za watoto zilichemshwa, na godoro likaanikwa juani siku nzima.

Baba watoto, bila kuombwa mara mbili, alijenga kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba, kimeinuliwa juu ya miti minne, mbali na ukuta wa watoto.

Pili, viroboto na miguu. Kigoma ni nchi ya michikichi na mawese hayakosekani. Tuliwapaka vifaranga mawese kidogo kwa kidole juu ya viroboto, tukijihadhari yasiingie machoni. Kesho yake wengi walikuwa wamekufa na tuliwatoa taratibu. Miguu yenye magamba tuliiloweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, tukaisugua kwa mswaki wa zamani, tukaikausha, tukaipaka mawese. Hurudiwa kila baada ya siku chache mpaka magamba yalale. Usiyang'oe kwa nguvu. Asiye na mawese atumie mafuta ya mgando.

Tatu, chawa na utitiri mwilini. Tulinunua mjini dawa ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku, kwenye duka la dawa za mifugo, baada ya kumwuliza afisa mifugo. Mwenyeji wangu alivaa mifuko ya nailoni mikononi na kitambaa puani. Alinyunyiza kidogo chini ya mbawa, kifuani na karibu na sehemu ya haja, si usoni. Dawa hizi nyingi haziui mayai ya chawa, kwa hiyo hurudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na banda hukaguliwa upya kila juma. Soma maandishi ya pakiti: yanaeleza kama inafaa kwa vifaranga, na ni siku ngapi usile mayai au nyama. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Mwisho, tulichimba shimo la kina kifupi chini ya mwembe, tukalijaza mchanga mkavu wa ufukweni na majivu yaliyochekechwa. Kuku hujitunza mwenyewe kwa kuoga vumbi. Anayefungiwa mahali pa tope hana pa kuogea. Majivu yawe makavu na yaliyopoa, kwa kuwa majivu yenye unyevu huunguza ngozi.

PAPASI WA UJIJI

Jumapili baada ya ibada walinipeleka Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Tukiwa tumekaa kivulini, bibi mmoja aliyekuwa nasi aliuliza kama wale wadudu wa nyumbani hawakuwa papasi. Ni swali zuri, maana njia za misafara ya zamani zilijulikana sana kwa papasi.

Papasi wa watu ni mkubwa kuliko utitiri, unamwona kwa macho bila shida. Hukaa katika sakafu ya udongo na nyufa, huuma usiku, na huleta homa inayokuja, inaondoka, kisha inarudi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi wa njia za misafara ya nchi hii. Mwaka huo huo, upande wa Kongo, madaktari Dutton na Todd nao walithibitisha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa ile, na Dutton alikufa huko akiwa kazini. Kuku naye ana papasi wake, bapa kama mbegu ya tikiti, ambaye hujificha mchana na huweza kumletea kuku homa kali. Ukikuta wadudu wa namna hiyo, au mtoto ana homa inayorudi-rudi, usikae nyumbani na dawa za kubahatisha. Nenda zahanati, nawe umweleze mhudumu mahali mnapolala na mahali kuku wanapolala.

NILIPORUDI

Majuma matano baadaye nilipita tena Kibirizi. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, na mitumbwi imelala mchangani.

Mtoto alinikimbilia. Ngozi yake ilikuwa na madoa meusi tu ya vidonda vilivyopona. Kipimo kikubwa cha dawa yake kilikuwa kuondoa kikapu kile, pamoja na maji, sabuni na kukata kucha.

Kuku hawakupona wote. Mtetea aliyepauka alikufa siku tatu baada ya mimi kuondoka, na vifaranga wawili walimfuata. Nilisikitika. Damu ilikuwa imekwisha mno. Lakini waliobaki walikuwa wamevaa. Mwenyeji wangu alikuwa akiwapa vumbi la dagaa lililobaki mchangani, akilichekecha na kuondoa mchanga, kwa kuwa manyoya hujengwa kwa protini na kuku anayeota manyoya anaihitaji sana. Mwanzoni aliwapa nyingi mno na mayai yakanuka samaki. Sasa huwapa kiasi, pamoja na pumba na majani. Tena walikuwa wamepata chanjo ya kideri, lile tone la jicho linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu, ambayo alikuwa ameiacha.

Alinionyesha bakuli. Lilikuwa na mayai tisa. Matano alikuwa anayapeleka sokoni. Manne yalikuwa ya chakula cha jioni.

"Kila Jumamosi jioni tunawakagua," aliniambia. "Mimi nashika, baba watoto anafunua." Baba watoto aliyekuwa akishona wavu karibu akacheka, akasema siku hizi yeye ni daktari wa kuku.

Bwana wetu alipotaka kueleza jinsi alivyowapenda watu wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Tangu safari ile nimezoea kuinua mbawa na kutazama kilichomo. Dada yangu, jioni ya leo chukua leso nyeupe na tochi. Ngoja giza liingie vizuri. Futa chini ya kichanja cha kuku wako, kisha futa ufa ulio karibu na kitanda cha mtoto wako. Leso ikibaki nyeupe, mshukuru Mungu ulale. Ikiwa na michirizi myekundu, basi unajua kesho utaanzia wapi.